Jina Moja, Madaftari Matatu: Somo la Kutunza Majedwali

Katika shule ya bweni jina la mwanafunzi huandikwa mahali pengi. Mwalimu wa darasa analo katika daftari la mahudhurio, mwalimu wa taaluma katika orodha ya alama, na matroni katika orodha ya vitanda. Ikiwa wa kwanza ameandika Shemdoe, wa pili Shendoe, na wa tatu Shemdowe, je, hao ni watu watatu au mmoja? Mtu wa Lushoto atatambua mara moja. Kompyuta haitambui, kwake ni watatu.

Dawa ya tatizo hili ilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Alionyesha kwamba habari zote zaweza kuwekwa katika majedwali yanayohusiana. Kutokana na fikra hiyo twapata kanuni hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Jina liwe katika jedwali la wanafunzi. Majedwali ya alama na vitanda yawe na namba ya mwanafunzi tu. Jina likisahihishwa mara moja, limesahihishwa kote.

Namba hiyo huitwa ufunguo, nao haufai kufanana kwa watu wawili. Tazama namba ya mtihani wa Kidato cha Nne. Ina sehemu tatu: namba ya shule, namba ya mtahiniwa, na mwaka. Namba 0012 peke yake haitoshi, kwa kuwa yaweza kuwapo katika kila shule na kila mwaka. Sehemu tatu zikiwa pamoja, zamwonyesha mtu mmoja tu.

Sasa tuseme shule ina nakala ya majedwali, na ofisi ya wilaya ina nyingine. Mtandao ukikatika, kila upande huendelea kuandika. Ukirudi, nakala hizi hupatanishwa hivi:

1. Linganisha mistari kwa ufunguo, wala si kwa jina.
2. Ufunguo ulio upande mmoja tu, uliza kwanza: ni mwanafunzi mpya, au upande wa pili wamemfuta? Kwa hiyo ni vema kutofuta kabisa mstari wa aliyeondoka, bali kuutia alama "amehama".
3. Ufunguo ulio pande zote mbili lakini habari zatofautiana, tazama saa ya badiliko la mwisho. Lakini lililoandikwa mwisho si lazima liwe sahihi. Yafaa kuamua mapema ni nani mwenye neno la mwisho. Kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa ndicho kitumike.
4. Mabadiliko yanayokwenda pamoja yafanyike yote, au yasifanyike hata moja. Mwanafunzi akiondolewa kitanda cha zamani na umeme ukazimika kabla hajaandikiwa kipya, kompyuta imrudishe pale pa zamani, asije akabaki bila kitanda.

Mambo haya si ya mafundi peke yao. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kutoa namba ya mtihani wa Kidato cha Nne na cheti cha kuzaliwa. Majina yasipolingana, hupata usumbufu wa viapo na safari za ofisini, wakati siku za kuomba zinakwisha. Kwa hiyo, mzazi na mwanafunzi, kabla ya kusajiliwa kwa mtihani shikeni cheti mkononi, mkalinganishe jina herufi kwa herufi.

Maswali ya kujaribu

1. Tarakimu nane za kwanza za namba ya kitambulisho cha taifa ni tarehe ya kuzaliwa. Kuna hatari gani ufunguo kubeba habari inayoweza kuwa na kosa?
2. Chora majedwali matatu ya maktaba: vitabu, wasomaji, na azima. Onyesha ufunguo wa kila moja.
3. Kwa nini jina la msomaji lisiandikwe katika jedwali la azima?