Sarufi ya Ubao wa Kufuatilia Miradi: Mazingira ya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi vinavyotumika kama vichwa vya safu katika ubao wa kufuatilia miradi. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa njeo, hali na kauli ya kitenzi huathiri ukweli wa ubao wenyewe. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa vikundi vya biashara na kamati za maendeleo za Mbeya na Iringa.

1.0 Utangulizi

Ubao wa kufuatilia miradi hugawanywa katika safu. Kila kazi huandikwa katika kadi, na kadi huhamishwa kutoka safu moja hadi nyingine kadiri kazi inavyosonga mbele. Utaratibu huu ulikuzwa na kiwanda cha magari cha Toyota nchini Japani baada ya Vita Kuu ya Pili kwa jina la kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au bango. Siku hizi hutumika pia katika kompyuta. Programu ya Trello, iliyotolewa mwaka 2011, ni mfano mmoja.

Katika Nyanda za Juu Kusini, ubao wa namna hii hukutana na ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ambapo taarifa za mapato, matumizi na miradi hubandikwa. Wasomaji wake wengi lugha yao ya kwanza ni Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, ilhali Kiswahili ndiyo lugha ya kumbukumbu za ofisi. Aliyechangia fedha za bomba husoma ubao huo ili ajue mchango wake umefikia wapi. Kwa hiyo maneno yanayoandikwa juu ya safu yanastahili kuchambuliwa.

2.0 Tajriba ya Iringa

Ufuatiliaji wa hadharani si jambo geni mkoani Iringa. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia. Mwanzoni ulihusisha vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa na viongozi wa kijiji, na hatua zikachukuliwa kwa mzunguko wa tathmini, uchambuzi na utendaji. Mtoto ambaye uzito wake ulikuwa chini ya asilimia 60 ya uzito uliotarajiwa kwa umri wake alihesabiwa kuwa na utapiamlo mkali.

Tajriba hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, kigezo cha kumweka mtoto katika kundi fulani kilitokana na mizani. Pili, nyuma ya kila tarakimu palikuwa na mtoto na kaya iliyojulikana. Ubao wa miradi unahitaji sifa hizo mbili: kipimo na mwenyewe.

3.0 Uchambuzi wa Vichwa vya Safu

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

3.1 Kiambishi -na-

(1) a. Ujenzi wa tangi unaendelea.
    b. Fundi anajenga ukuta wa tangi.

Kitenzi endelea hakina kikomo katika maana yake. Kadi yenye sentensi (1a) inaweza kukaa mwaka mzima bila kuhamishwa, na hakuna atakayethibitisha kuwa ni ya uongo. Sentensi (1b) ina mtenda na ina kikomo: ukuta ukiisha, fundi hajengi tena. Anayepita anaweza kuikanusha kwa macho yake.

3.2 Kiambishi -me- na kauli ya kitenzi

(2) a. Kazi imekamilika.
    b. Kazi imekamilishwa na fundi.
    c. *Kazi imekamilika na fundi.

Kauli ya kutendeka katika (2a) hueleza hali tu. Haikubali mtenda, kama (2c) inavyoonyesha. Kauli ya kutendwa katika (2b) humwachia mtenda nafasi, hata asipotajwa. Kiongozi akisoma (2b) bila na fundi, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Sarufi yenyewe imefungua mlango wa swali.

3.3 Kiambishi -ja-

(3) a. Mabomba hayakununuliwa.
    b. Mabomba hayajanunuliwa.

Sentensi (3a) hufunga habari. Sentensi (3b) hubeba matarajio kwamba yatanunuliwa. Hivyo, kila kadi iliyo chini ya Haijaanza ni ahadi, na ahadi hudai tarehe. Kazi iliyoachwa haifai kubaki hapo, iandikwe Imefutwa.

4.0 Mapendekezo

Zinapendekezwa safu tano: Haijaanza, Inafanywa, Imekwama, Imefanywa na Imethibitishwa. Safu ya Imekwama huzuia kadi zilizosimama kujificha ndani ya Inafanywa. Kadi yake itaje sababu na mtu wa kuikwamua. Safu ya mwisho hutenganisha kauli ya mtendaji na ushahidi wa mwingine: stakabadhi, kipimo, au maji yanayotoka bombani. Kadi zilizo katika Inafanywa ziwekewe ukomo, kwa mfano tatu, ili kazi zimalizwe kabla ya kuanza nyingine.

Upatanisho wa kisarufi nao ni kipimo. Vichwa hivi vinapatana na nomino kazi. Mradi wa Maji hauwezi kusomwa pamoja na Imefanywa, kwani mradi hudai umefanywa. Mkwaruzo huo humdokeza mwandishi kwamba kadi ni kubwa mno. Igawanywe iwe kazi: kuchimba mtaro wa mita 200, kulaza mabomba, kupima mkondo. Vivyo hivyo, kikundi cha wakulima wa parachichi wa Rungwe kisiandike Soko, bali kupeleka tani 2 ghalani. Na wauza mbao wa Mufindi waandike kupasua magogo 50.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba endelea huondoa kikomo, kauli ya kutendeka huondoa mtenda, na -ja- huweka ahadi. Wanaoandaa ubao hufanya uteuzi huo kila wanapoandika kichwa cha safu, wajue wasijue. Wataalamu wa Kiswahili wanaotafsiri programu za kompyuta na miongozo ya miradi wana wajibu wa kuchagua maumbo yanayomwezesha mwanakijiji kuuliza ni nani, lini, na kwa ushahidi gani.