Kuona Kabla ya Kulenga: Mwanga na Lenzi katika Ulinzi wa Mashamba, Pwani ya Kilwa

Katika kijiji cha Somanga, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, jioni ni fupi. Pwani hiyo iko nyuzi 8 na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima. Tangu litue hadi nuru isitoshe tena kutambua vitu vizuri hupita kama dakika 22 tu. Mjini London, mwezi wa Juni, muda huo huzidi dakika 45. Mara giza liingiapo, nguruwe mwitu hutoka vichakani kufukua mihogo, naye mkulima aliyepanda dunguni huanza kukesha.

Kukesha huko kuna hatari yake. Utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu 563 nchini Tanzania, na pwani ya kusini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Nguruwe walihusika kwa njia mbili: simba waliwafuata mashambani, na wakulima walilala nje kwa sababu yao. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mashambulizi huzidi katika siku 10 zinazofuata mwezi mpevu. Mtu wa pwani, aliyezoea kuhesabu siku tangu mwandamo, ataelewa upesi. Baada ya usiku wa kumi na nne mwezi huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, na saa za baada ya magharibi, ambazo watu bado wamo njiani, huwa giza tupu.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mwindaji wa kawaida kuwinda usiku. Lakini askari wa wanyamapori huitwa kijijini usiku, na huja na bunduki. Je, achukue taa gani na darubini gani? Watu wengi hudhani kuwa kilicho bora ni tochi iliyofungwa mtutuni pamoja na darubini kubwa juu ya bunduki. Mwandishi haafiki. Tochi iliyofungwa mtutuni humlika mahali pale tu mtutu unapoelekea. Ili askari aone ni nini kilichotikisa majani, hana budi kwanza kukielekezea bunduki. Darubini ya bunduki ina kasoro hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi ya kuona ifanywe kwa tochi ya mkononi na darubini ya macho mawili, na darubini ya bunduki ingojee mpaka kiumbe kile kimekwisha kutambuliwa.

Hoja hii hupata nguvu tukichunguza macho ya wanyama. Nyuma ya retina ya simba, chui, fisi na swala kuna tabaka linaloakisi mwanga na kuurudisha kupitia retina mara ya pili. Ndiyo sababu macho yao hung'aa yanapomlikwa. Binadamu hana tabaka hilo. Jamii ya nguruwe nayo haina. Hebu mwanafunzi afikiri maana yake: mnyama anayetafutwa zaidi mashambani na jirani anayerudi nyumbani kwa njia ya mkato, wote wawili huonekana katika mwanga wa tochi kama kivuli kisicho na macho. Asiyeona macho yaking'aa hajathibitisha kwamba hapana mtu.

Tochi yenyewe hufuata kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameisoma: umbali ukizidishwa mara 4, mwanga unaofika hupungua mara 16. Shina la mhogo lililo hatua 10 mbele hung'aa kupita kiasi, na kilicho hatua 40 nyuma yake hubaki gizani. Tena jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mmuliko mmoja wa mwanga mweupe huharibu mazoea hayo mara moja. Kwa kutembea au kusoma ramani, taa nyekundu hafifu inafaa, kwa kuwa seli za retina zinazotumika gizani karibu hazihisi wekundu.

Sasa tuje kwenye darubini. Duka huisifu kwa namba kama 7×50 au 10×25. Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimeta. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa mwali unaotoka kuelekea jichoni: kwa 7×50 ni milimeta 7 na kidogo, kwa 10×25 ni milimeta 2 na nusu. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi milimeta 7 hivi. Ya mzee huishia kama 5. Darubini ya 10×25, ingawa hukuza zaidi, hulipa jicho la kijana mwali usiojaza mboni yake, na machweo huonekana meusi kabla ya wakati. Darasani jambo hili hupimwa kwa urahisi. Elekezeni darubini kwenye anga nyeupe, kamwe si kwenye jua, kisha shikeni karatasi nyuma ya lenzi ya jichoni. Kiduara cha nuru kitatokea. Kipimeni kwa rula mkilinganishe na hesabu.

Kanuni hiyo hiyo huihukumu darubini ya bunduki. Ya 4×32 hutoa mwali wa milimeta 8. Ukikuza mara 9 kwa lenzi hiyo hiyo, hubaki milimeta 3 na nusu. Kwa shamba la Kilwa, ambako vichaka haviruhusu kuona mbali, ukuzaji mdogo unatosha, nao huacha uwanja mpana wa kuonea. Jicho likae nyuma yake kiasi cha sentimeta 8, maana bunduki hurudi nyuma kwa nguvu, na aliyesogeza uso karibu mno hupasuliwa nyusi.

Lakini adui mkubwa wa lenzi pwani ni hewa. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na katika unyevu huo koga huota juu ya kioo. Huonekana kwanza kama utando wa buibui ukitazama kwa kupinda kuelekea dirishani. Koga hiyo hutoa asidi inayokula kioo chenyewe, na baada ya hapo kufuta hakusaidii. Mfuko wa ngozi, ambao wengi huuona kuwa wa heshima, ndio mbaya kuliko yote: ngozi hushika unyevu na huilisha koga. Afadhali kopo la bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na kimfuko cha chembe za silika zilizokaushwa. Chembe zikilowa hukaushwa tena juu ya moto wa polepole na kurudishwa koponi zikipoa. Mchele, ambao watu husifu sana, hunyonya kidogo tu na huacha vumbi.

Kusafisha nako kuna kanuni. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa huakisi takriban asilimia 4 ya nuru. Nyuso 10 zikifuatana, theluthi moja ya nuru hupotea. Kwa hiyo viwanda hupaka kioo tabaka jembamba, kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimeta, linalopunguza upotevu huo. Mchanga wa ufukweni ni mgumu kuliko kioo, seuze tabaka hilo. Anayefuta lenzi kwa pindo la shati lenye vumbi huikwangua. Kwanza vumbi lipulizwe kwa mpira wa kupulizia, kisha brashi laini. Chumvi iliyokauka ilainishwe kwa matone ya maji baridi yasiyo ya chumvi. Mwisho kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kwa kuzungusha bila kukandamiza.

Skrubu zinazoshika darubini kwenye bunduki hulegea kwa mishindo na hushika kutu kwa chumvi. Zikaguliwe mchana, na darubini iliyoanguka isiaminiwe mpaka bunduki ijaribiwe tena uwanjani. Isiachwe juu ya gari ikitazama jua, kwa maana lenzi ya mbele hukusanya joto na kuunguza msalaba wa kulengea ulio ndani. Betri za tochi zitolewe zisipotumika kwa wiki kadhaa. Zikivuja, viungo vya shaba hugeuka kijani, na tochi hugoma usiku ule ule inapohitajiwa.