Muda wa nani unapotea?

SOMO LA BIBLIA KWA VIKUNDI
Someni: Mathayo 20:1-16 na Kutoka 18:13-26

Masomo mengi kuhusu matumizi ya muda humhusu mtu mmoja na shajara yake: aamke mapema, aandike orodha ya kazi, asiahirishe. Ni mashauri mazuri. Lakini sisi tunaofanya kazi za maendeleo makanisani na vijijini tunatumia pia muda wa watu wengine, na huo kwa kawaida hatuuhesabu. Katika somo hili tutautazama muda huo, na tutaanzia Matemwe, kijiji cha pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, kinachotazamana na kisiwa cha Mnemba.

Semina ya saa nne

Miaka kadhaa iliyopita mimi na wenzangu wawili tulikwenda Matemwe kufundisha habari za kuweka na kukopa. Tulitoka mjini mapema, tukatundika bango kitita ukutani, na ilipofika saa nne kamili asubuhi tulikuwa tayari. Tulijisikia vizuri, maana safari hiyo hatukuchelewa. Waliokuja ni wazee wachache na kijana mmoja. Semina yenyewe ilikuwa ya kina mama wakulima wa mwani. Tulingoja mpaka saa tano na nusu. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani, nyumba ya jirani, alituonea huruma. Akasema, "Wanangu, leo bamvua. Watu wako pwani. Kwani hamkuuliza maji?"

Hatukuuliza. Na nina aibu kusema kwamba katika taarifa yetu tuliandika, "Mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo."

Maji hayangoji

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kisha kikaenea pwani nyingine. Sehemu kubwa ya wakulima ni wanawake. Hupigilia vigingi mchangani, hufunga kamba, na kwenye kamba hufunga vipande vya mbegu kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa. Ukiachwa ukapitiliza, hukatika na kuchukuliwa na mawimbi.

Kazi hiyo haifanyiki saa yoyote. Maji hupwa mara mbili kwa siku, lakini hupwa sana wakati wa bamvua tu, yaani siku za kuandama mwezi na siku za mwezi mpevu. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita 4, na shamba hubaki wazi kwa saa chache. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, maji hayaendi mbali, na kazi ya shambani huwa ngumu au haiwezekani.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ofisini hatukulijua. Katika pwani hii, siku za bamvua, maji hufikia mwisho wa kupwa asubuhi karibu na saa nne. Siku inayofuata huchelewa kidogo, na hivyo hivyo kila siku, mpaka baada ya wiki mbili bamvua nyingine inarudi na saa nne yake. Saa tuliyokuwa tumeizoea kwa mikutano, kwa kuwa inatupa nafasi ya kunywa chai na kusafiri kutoka mjini, ndiyo saa ambayo mama wa Matemwe hana nyingine ya kuweka badala yake. Sisi tungeweza kusogeza semina yetu. Yeye hawezi kuisogeza bahari.

Waliosimama sokoni

Sasa tufungue Mathayo 20. Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika sura hii. Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo hatuhitaji kufanya hesabu yoyote. Saa tatu ya Yesu ni saa tatu yetu, na saa kumi na moja ni jioni, jua likikaribia kuzama.

Wengi tumefundishwa mfano huu kama somo la neema, na ndivyo ulivyo. Lakini tazameni aya ya 6 na ya 7. Mwenye shamba anawakuta watu wamesimama mpaka saa kumi na moja, anawauliza sababu. Hawakuwa wavivu. Walikuwapo, walikuwa tayari, ila hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Siku yao iliharibika mikononi mwa watu wengine. Mwenye shamba hawakemei wala hawahubirii juu ya bidii. Anawapa kazi, na jioni anawalipa kwanza, ujira sawa na wa walioanza alfajiri, ili nao waende nyumbani wakiwa na chakula.

Katika Kutoka 18 tunamkuta Musa, mtumishi mwaminifu asiyepumzika. Anaketi kuamua mashauri, na watu wanasimama wakimzunguka tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro anaona ambalo Musa halioni. Kwa kawaida tunahubiri kwamba Yethro alimhurumia Musa aliyechoka. Someni tena aya ya 18: anasema watachoka wote wawili, Musa na watu pia. Foleni ndefu mlangoni kwa Musa haikuwa ushahidi wa utumishi mkubwa. Ilikuwa siku za watu zinakwisha juani. (Wachungaji na maofisa miradi, mimi nikiwamo, hupenda kuiona foleni hiyo.)

Tufanye hesabu ndogo. Kina mama 30 wakimngoja mgeni rasmi kwa saa moja, zimepotea saa 30. Hizo ni karibu siku nne za kazi za saa nane. Angezichukua fedha kiasi hicho mkobani mwao, tungemwita mwizi. Kwa muda, tunampigia makofi anapofika.

Je, kila kuchelewa ni kosa?

Hapana. Katika Marko 5:21-43 Yesu anakwenda nyumbani kwa Yairo, ambako mtoto yu mahututi, na njiani anasimama kwa ajili ya mwanamke mwenye kutokwa damu. Yairo alipoteza muda, tena muda wa uchungu. Lakini angalieni Yesu alisimama kwa ajili ya nani: mama asiye na cheo, aliyejificha katikati ya msongamano. Mara nyingi sisi hufanya kinyume. Tunawasimamisha wanyonge ili mkubwa amalize chai yake.

Tulivyofanya baadaye

Tulirudi Matemwe baada ya kuuliza. Kina mama wenyewe walichagua siku za maji mafu, baada ya sala ya alasiri, isiwe Ijumaa, na semina iishe mapema ili wawahi kupika. Sisi Wakristo tuliokuwa wageni katika kijiji cha Waislamu tulijifunza kwamba siku yao tayari ina vituo vyake, sala na bahari, na kwamba mgeni hujipanga humo. Tulichora kalenda ya mwezi mmoja, tukatia alama siku za bamvua. Ofisini kalenda hiyo ilitundikwa karibu na ratiba ya gari, na kwa muda iliwaudhi baadhi yetu, kwa sababu iliharibu safari za Jumanne.

Maswali ya kujadili

Katika kijiji au mtaa wenu, ni saa zipi ambazo mtu hawezi kuzipata tena zikipita? Fikirini maji, mvua, soko, zamu ya kisima, basi la mwisho.

Mkutano wenu wa mwisho ulianza saa ngapi, na nani aliichagua saa hiyo? Wanawake waliulizwa?

Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao. Ni nani katika kazi yenu anayefanya kazi wakati ninyi mnapumzika?

Chukueni taarifa moja ya zamani iliyoandikwa "mahudhurio hafifu". Siku ile, wasiohudhuria walikuwa wapi?