Mashine haina masikio, mdogo wangu

*Yaya, nina kinanda kidogo cha umeme cha kutia betri, pamoja na kifaa cha lupu, kinachorekodi kipande na kukirudia. Mwezi uliopita nilipiga kwenye arusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimeandaa kila kitu nyumbani kwa wiki mbili. Katikati ya muziki jenereta ikazima, kimya kikaanguka, na ilipowaka tena watu walikuwa wamekaa. Kisha mzee mmoja anayepiga ngoma pamoja na Papa akasema mbele ya wageni: "Huyu amesimama tu, chombo ndicho kilichofanya kazi." Tangu siku ile Papa ananiambia niuze vifaa hivi, ninunue gita. Nimealikwa kupiga kwenye arusi nyingine Fizi, kule mlimani. Niende, au niuze?*
*Kijana wa Baraka*

Mdogo wangu, usiuze. Lakini kabla ya kumkasirikia yule mzee, tumsikilize. Maneno yake yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayokusaidia.

Nianze na alipokosea. Kurudia si uvivu. Penye ngoma huwa kuna mtu anayeshika pigo moja tangu jioni hadi usiku wa manane, halibadilishi, ili ngoma kubwa ipate pa kusemea. Kwenye seben, ile sehemu ya kucheza ya rumba, ni vilevile: gita linazunguka palepale, mara kumi, mara ishirini, huku atalaku, mwenye kuchangamsha, akiita na wachezaji wakiitika. Sijasikia mtu akimwambia mpiga gita yule kwamba amesimama tu. Lupu yako ni huyo mshika pigo, na kazi yake ni ya zamani na ya heshima.

Sasa alipopatia. Mshika pigo ana masikio. Bibi arusi akitembea polepole, mkono wa mshika pigo unatulia. Akina mama wakipiga vigelegele, unachangamka. Lupu ya mapigo 16, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, inachukua sekunde 8, na itachukua sekunde 8 hata mvua ikiwatimua wageni. Mashine haisikii mtu. Masikio yake ni wewe. Ulimaliza kila kitu nyumbani, ukafika arusini huna kazi ila kubonyeza, na mzee akaliona hilo.

Kwa hiyo nenda Fizi na kifaa kitupu, au karibu kitupu, ujenge muziki mbele ya watu. Kaa mahali mikono yako inapoonekana, si nyuma ya spika. Piga besi mizunguko miwili bila kurekodi, mguu ukihesabu, ili watu waisikie kwanza ikitoka vidoleni mwako. Kisha bonyeza pigo la kwanza linapoangukia, na ufunge linaporudi palepale. Ukichelewa kidogo tu lupu itachechemea, na itachechemea kila inapozunguka mpaka uifute. Ifute bila aibu, anza upya. Watu humvumilia anayetafuta pigo mbele yao. Tabaka tatu zinatosha: besi, mdundo na sauti moja ya juu. Ya nne usiirekodi kamwe. Hiyo iache mkononi, maana ndiyo itakayomjibu bibi arusi.

Kuhusu umeme, tenganisha vifaa vyako na spika. Kinanda na lupu viishi kwa betri, jenereta ibaki ya spika peke yake. Jenereta ikikohoa, kifaa kinachoitegemea kinaweza kujizima na kupoteza lupu usizohifadhi. Cha betri kinaendelea kuzunguka. Tia betri mpya siku hiyohiyo, na nyingine ziwe mfukoni. Wala usionee haya chombo cha betri: Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia, alirekodi kaseti peke yake huko Marekani mwaka 1985, kwa akodiani, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Baadaye aliendesha teksi miaka mingi Washington, kinanda cha betri kikiwa kwenye buti, akifanya mazoezi anaposubiri abiria uwanja wa ndege. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya, akarudi jukwaani. Chombo kidogo hakikumpunguzia kitu.

Kubwa zaidi ni Papa. Nadhani anaogopa kwamba chombo chako kitaimeza ngoma yake. Ungeweza kumsimulia habari za Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, mwanzilishi wa bendi ya Konono Nº1, aliyetaka likembe, kile kinanda cha vidole gumba, isikike kwenye kelele za mjini, akatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari. Sahani yao ya mwaka 2004, *Congotronics*, iliipeleka likembe ileile ng'ambo ya bahari. Lakini usiende kwa Papa na mabishano. Nenda na ombi. Mwambie akufundishe pigo la kushikilia la ngoma moja ya Kibembe, na yeye achague ipi inapigwa hadharani. Za jando na za siri usiziguse. Pigo atakalokufundisha ulipige mwenyewe kwenye kinanda, ulizungushe, kisha umwombe aseme kwa ngoma yake juu ya pigo hilo. Atakwambia unakimbia, au pigo limekaa vibaya. Rekebisha hapohapo, yeye akisikia.

Nikusimulie na langu. Zamani nilikuwa nikipiga kinanda cha kwaya, umeme ukakatika katikati ya wimbo. Niliinamia waya nikihangaika, na nilipoinua kichwa kwaya ilikuwa bado inaimba. Ilimaliza wimbo bila mimi, maana pigo lilikuwa tayari kwenye miguu yao.

Basi kule Fizi, watu wakishapata moto, zima lupu zote kwa mzunguko mmoja, sekunde 8 tu. Uondoe mikono kwenye kinanda, upige makofi, uwatazame. Wakinyamaza, rudi na besi peke yake, ujenge tena taratibu. Wakiendelea kupiga makofi na kukanyaga, muziki umeshahamia kwao, na siku hiyo jenereta ikizima hutakuwa na haja ya kuinamia waya.

Yaya yako