Simanzi Katika Mahadhi: Watunzi wa Nyimbo Pendwa za Kijapani

Ada ya wengi wanaohakiki nyimbo katika taaluma ya fasihi ni kuyanukuu maneno, kuhesabu mizani, kubainisha tamathali za usemi na kisha kutoa hukumu kuhusu maudhui. Mahadhi huachwa nje ya darasa, kana kwamba ni kitambaa tu cha kufungia mzigo. Nyimbo pendwa za Kijapani zilizotungwa kati ya 1914 na miaka ya 1960 zinaitia ada hiyo mashakani. Maneno yake, yakisomwa peke yake, mara nyingi ni mepesi. Yakiimbwa, huwatoa wasikilizaji machozi. Makala haya yanachunguza chimbuko la simanzi hiyo, na yanashikilia kuwa sehemu yake kubwa imo katika yale ambayo mtunzi ameamua kuyaacha.

Nakayama Shinpei (1887–1952) ndiye wa kuanza naye. Alipata umaarufu mwaka 1914 kwa "Kachūsha no uta", wimbo wa tamthilia iliyotokana na riwaya ya Tolstoy, ulioimbwa jukwaani na mwigizaji Matsui Sumako. Ngazi ya sauti inayohusishwa na Nakayama na waliomfuata huitwa yonanuki, yaani "bila ya nne na ya saba": katika sauti saba za ngazi ya Kizungu, hizo mbili huondolewa. Athari yake si ndogo. Sauti ya saba ndiyo ambayo kwa kawaida huisukuma lahani irudi nyumbani. Ikikosekana, wimbo huelea. Katika namna ya huzuni ya ngazi hiyo, ambayo Nakayama aliitumia katika "Sendō kouta" (1921), sauti zilizosalia hukaribiana mara mbili kwa nusu hatua tu, na hapo sikio hudhani limesikia kite. Maneno ya Noguchi Ujō yanawahusu wapenzi wanaojifananisha na nyasi zilizokauka ukingoni mwa mto. Taswira hiyo ni ya kawaida kabisa. Mahadhi ndiyo yanayoikausha nyasi hiyo mbele ya msikilizaji.

Koga Masao (1904–1978) aliikomaza mbinu hii. Alizaliwa Fukuoka, akafiwa na babake angali mdogo, akakulia Korea ilipokuwa chini ya utawala wa Japani, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Meiji alikoshiriki kuasisi kikundi cha wapiga mandolini. Mwaka 1931 ulitoka wimbo wake "Sake wa namida ka tameiki ka", kwa maneno ya Takahashi Kikutarō. Anwani yenyewe ni swali: je, pombe ni machozi, au ni pumzi za kushusha? Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atavutiwa na umbo lake: sa-ke-wa-na-mi-da-ka, mizani 7, ta-me-i-ki-ka, mizani 5. Ni kama ukwapi na utao visivyolingana, na kila silabi huishia kwa irabu kama ilivyo desturi ya maneno mengi ya Kiswahili. Mgawo huu wa 7 na 5 ni wa kale katika ushairi wa Kijapani. Kipande kirefu huliinua swali, kifupi hulikatiza.

Hata hivyo, kuhesabu mizani hakutoshi. Koga aliupa wimbo mwendo wa polepole na kuliachia gita nafasi ya kuitikia pale mwimbaji anaponyamaza. Fujiyama Ichirō, ambaye alikuwa amefunzwa uimbaji wa Kizungu, hakupaza sauti. Aliimba kwa upole karibu na kinasa sauti, jambo lililowezekana kwa kuwa kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeingia Japani miaka michache tu kabla. Msikilizaji alihisi kana kwamba anaambiwa siri. Swali la anwani halikujibiwa, wala halikuhitaji kujibiwa.

Miaka 35 baadaye, Misora Hibari alirekodi "Kanashii sake" (1966), pia mahadhi ya Koga, na mara nyingi alitokwa na machozi alipouimba. Je, ni machozi ya kweli au ni ya jukwaani? Christine Yano, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu nyimbo za enka, anaonyesha kuwa hisia humo hupitishwa katika miundo iliyozoewa: mkwaruzo wa sauti, mtetemo, mkao wa mwili. Hoja hiyo ina uzito, kwani muundo uliozoewa hauufanyi msiba kuwa wa uongo. Waombolezaji popote pale wana miundo yao.

Wapo wanaodai kwamba nyimbo hizi ni sauti ya "moyo wa Kijapani" usiochanganyika. Dai hilo ni dhaifu. Koga alikulia Korea. Nakamura Hachidai alizaliwa Qingdao, Uchina. Hattori Ryōichi (1907–1993) alichota kwa wazi kutoka bluzi na jazi za Marekani. Hattori huyo ndiye aliyetunga "Kohan no yado" (1940), wimbo ambao maneno yake yanasimulia upweke wa mgeni katika nyumba ya wageni kando ya ziwa. Hamna siasa ndani yake hata chembe. Watawala wa wakati wa vita waliupiga marufuku hata hivyo, wakiuona kuwa unalegeza ari ya kupigana. Wadhibiti hao walielewa nguvu ya mahadhi kuliko wahakiki wengi.

Mfano mgumu zaidi ni "Ue o muite arukō" (1961) wa Nakamura. Ei Rokusuke aliyaandika maneno yake akiwa na uchungu baada ya kushindwa kwa maandamano ya 1960 dhidi ya mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, lakini uchungu huo haukutajwa: kuna mtu tu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Nakamura naye aliyavika maneno hayo mahadhi ya uchangamfu. Mwezi Juni 1963 wimbo huo, ukiwa umepachikwa jina la chakula, "Sukiyaki", ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma matatu, miongoni mwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua neno la Kijapani. Sakamoto Kyū, mwimbaji wake, alifariki tarehe 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege iliyowaua watu 520, na tangu hapo Wajapani wengi wameusikia kama wimbo wa maombolezo, ingawa hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Katika sehemu moja ya rekodi ya awali, Sakamoto anayaacha maneno kabisa na kupiga mluzi.