Kidonda Hakiponi kwa Kukaushwa

Kupasuliwa jipu, kutolewa uvimbe mdogo wa ngozi au kushonwa nyuzi mbili tatu huchukua dakika chache. Kupona huchukua siku nyingi, tena nyumbani. Hapa Masanze, kama kwingine wilayani Kilosa, mgonjwa hurudi penye jembe, samadi na matope ya majaruba, na ushauri anaoupata mara nyingi ni mmoja: kikaushe kidonda. Basi hukimwagia unga wa kapsuli za antibiotiki au majivu, au hukiacha wazi kipigwe na upepo. Mazoea hayo yaachwe. Kidonda kinahitaji usafi, unyevu kiasi na kufunikwa.

Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vya juujuu vilivyofunikwa visikauke viliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya vilivyoachwa wazi. Ngozi mpya huanzia kingoni ikielekea katikati. Ikikuta kigaga kigumu, hulazimika kupenya chini yake. Mwaka 1996, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi ulilinganisha mafuta meupe ya mgando na mafuta yenye antibiotiki. Maambukizi yalikuwa machache pande zote, bila tofauti ya kutegemewa.

Wapo watakaosema, “Mbona niliweka unga nikapona?” Vidonda vingi safi hupona vyenyewe, sifa ikaenda kwa kapsuli. Unga huo huganda, usaha ukajificha chini yake, na antibiotiki zikitumiwa ovyo huzaa vijidudu sugu. Majivu na udongo huweza kubeba vimelea vya pepopunda. Muulize mhudumu wa afya kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Wengine huhofu kwamba unyevu huozesha. Unyevu si uchafu: kinachodhuru ni gozi lililolowa matope likaachwa hapo hadi jioni.

Kwa hiyo, kama mhudumu hakukuelekeza vinginevyo, usifungue bandeji saa 24 za kwanza. Baadaye nawa kwa sabuni ndipo uifungue. Gozi likinata usilinyofoe. Lilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka liachie lenyewe. Safisha kwa maji hayo, bila spiriti, paka mafuta ya mgando kutoka kopo jipya, kisha funika kwa gozi safi. Damu ikitoka, bonyeza dakika 15 bila kuchungulia. Nyuzi zitolewe na mhudumu: za usoni siku ya 5 hivi, za mguuni siku ya 10 hadi 14.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo pima joto la pembeni mwa kidonda kwa mgongo wa mkono. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukiona uvimbe, usaha au homa, nenda zahanati siku hiyohiyo. Taya zikikakamaa, wahi hospitali. Mwenye kisukari asingoje hata dalili ya pili.