Ua wa Fikasi: Pima Kwanza, Kisha Panda

Mwenye ploti Busia au Malaba, karibu na barabara ya malori, anaweza kuficha boma kwa fikasi badala ya ukuta wa mawe. Lakini mti huu ni jamaa ya mkuyu, na mizizi yake hufuata maji. Ukipandwa ubavuni mwa nyumba, huweza kuinua sakafu, kupasua bomba na kuziba shimo la maji taka. Acha angalau mita 5 kutoka nyumba, choo na kisima. Zungumza na jirani pia, kwani mizizi haijui bikoni. Ploti isiyo na nafasi hiyo afadhali ipandwe kayaba, ijapokuwa ina miiba.

Panda mvua ndefu zinapoanza, mwezi Machi, mche kwa mche mita 1, kwa samadi iliyooza vizuri. Mwagilia kiangazi cha kwanza.

Anza kupogoa mapema, mti ungali mdogo. Chini pawe papana kidogo kuliko juu, la sivyo matawi ya chini hukosa mwanga na ua hubaki na matundu. Vaa glavu: utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho.